Tunapima kilo za mtoto, nani atapima moyo wa mama?

Leo sitaandika juu ya barabara wala juu ya bei ya unga. Nitaandika juu ya wamama wetu, wale wenye mimba na wale waliotoka kuzaa. Nitasema maneno ambayo wengine hawatapenda. Munivumilie mpaka mwisho.

Juma lililopita nilikuwa kwenye kituo kimoja cha afya, upande wa magharibi wa mji wa Goma, siku ya kipimo cha watoto. Wamama walijipanga tangu saa moja asubuhi, mtoto mgongoni ndani ya kikwembe, fishi mkononi. Kati yao alikuwa mama mmoja aliyekimbia vita kule Masisi. Alipita kwenye kambi ya Bulengo. Kambi zilizozunguka Goma zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, hakuwa tena na nyumba ya kurudia kijijini, akapokewa na jamaa moja iliyompa pembe ya chumba cha mbele. Mume wake alienda kutafuta kazi kwenye machimbo. Ni miezi mitano hana habari yake.

Mtoto wake alikuwa na wiki 6. Wakamtundika kwenye mizani. Muuguzi akaangalia, akasema: «Mama, huyu mtoto hapandi kilo. Unamnyonyesha vizuri?» Mama akaitikia kwa kichwa. Mtoto akapigwa chanjo, tarehe ya kurudi ikaandikwa, mama mwingine akaitwa. Ilikuwa imekwisha.

Nilikaa karibu naye kwenye benchi, nikamuuliza: «Mama, na wewe mwenyewe, unalala?»

Aliniangalia muda mrefu kabla ya kujibu. «Yaya, mtoto akilala mimi ninabaki nikiangalia mabati. Akilia, ninatamani mtu mwingine ambebe. Sisikii kitu ndani yangu. Ninaogopa kusema, kwa sababu watasema mimi ni mulozi wa mtoto wangu.»

Huyu mama alikuwa amepita mbele ya watu watatu wa afya asubuhi ile ile. Hakuna aliyemuuliza.

Sitaki mtu amlaumu yule muuguzi. Nilimuona akifanya kazi peke yake mbele ya wamama zaidi ya hamsini, na hata yeye mshahara haumfikii vizuri. Aliuliza yale yaliyoandikwa kwenye fishi. Kwenye fishi za watoto nilizoziona siku ile kuna nafasi ya kilo, ya chanjo, ya vitamini A. Kwenye fishi za wajawazito kuna nafasi ya tansyo, ya mkojo, ya malaria, ya virusi vya Ukimwi, ya chandarua. Yote hayo ni mazuri, na yameokoa watu. Lakini hakuna mstari hata mmoja unaouliza: mama, moyo wako uko namna gani? Na kitu kisichokuwa na mstari kwenye fishi, hakuna anayekiuliza, hakuna anayekihesabu, hakuna anayekipangia feza.

Hilo ndilo ninalolaumu. Tunakutana na mama mara nyingi kuliko mgonjwa mwingine yeyote, na kila mara tunamwacha arudi nyumbani na ugonjwa wake. Hebu muhesabu pamoja nami. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linataka mjamzito aonwe mara 8 kabla ya kuzaa. Hata akija mara 3 au 4 tu, ni mara 3 au 4. Kisha siku ya kuzaa yenyewe. Kisha chanjo ya wiki ya 6, ya wiki ya 10, ya wiki ya 14, na chanjo ya surua kwenye mwezi wa 9. Serkali na mashirika yamejenga njia nzima inayomleta mama mpaka mlangoni mwa kituo cha afya. Anafika, tunampima mtoto, tunamwambia kwaheri.

Wengi watauliza: ni ugonjwa gani huo? Mama aliyezaa salama analilia nini? Acha nieleze, kwa sababu kuna mambo matatu tunayoyachanganya.

La kwanza si ugonjwa. Siku ya 2 au ya 3 baada ya kuzaa, wamama wengi wanalia bila sababu, wanakasirika upesi, wanacheka na kulia saa moja ile ile. Mwili unabadilika, usingizi ni kidogo. Jambo hilo linapita lenyewe ndani ya wiki 2, mama akipata chakula, usingizi na watu wa kumsaidia.

La pili ni ugonjwa wa huzuni nzito, ule waganga wanaouita depresyoni. Unaweza kuanza tangu mimba ingali tumboni, ao miezi kadhaa baada ya kuzaa. Ukipita wiki 2, usiseme tena ni uchovu. Mama hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala. Chakula hakina ladha. Mambo aliyoyapenda, kuimba kanisani, kusuka nywele, kuongea na wenzake, yote yanakuwa mzigo. Anajiona hafai, anajilaumu kwa kila kitu. Wengine wanaingiwa na woga usioisha, moyo unapiga mbio, wanamwangalia mtoto mara 20 kwa usiku kama angali anapumua. Na wengine wanafika mahali pa kuwaza kwamba watoto wangekuwa heri bila wao.

La tatu ni nadra, linashika mama 1 ao 2 kwa wamama 1.000 wanaozaa, lakini ni la haraka. Linaanza gafla, mara nyingi ndani ya wiki 2 za kwanza. Mama anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, anaona mambo yasiyokuwepo, anasema maneno yasiyoeleweka, anapitisha siku bila kulala na hasikii uchovu. Hapo ni hospitali siku ile ile, kama vile mama anayetoka damu.

Hesabu za OMS zinaonyesha kwamba katika inchi zinazoendelea, karibu wanawake 16 kwa 100 wanapata shida ya afya ya akili wakati wa mimba, na karibu 20 kwa 100 baada ya kuzaa. Hizo ni hesabu za jumla, hata za pahali ambapo hakuna bunduki. Mahali pa vita, OMS inasema mtu 1 kwa 5 yuko na shida ya afya ya akili. Basi rudini kwenye lile benchi la kituo cha afya: wamama 50 wamekaa pale. Hata kwa hesabu ya kawaida, 10 kati yao ni wagonjwa. Kumi, asubuhi moja, kituo kimoja. Kama watoto 10 wangefika na surua asubuhi moja, redio zote zingetangaza.

Sasa ninageuka kwetu sisi wenyewe, kwa sababu shida haianzii kwenye kituo cha afya. Inaanzia nyumbani.

Mama mzazi akinyamaza, tunasema ana kiburi. Akishindwa kuamka, tunasema ni mvivu: «Sisi tulizaa kumi tukienda shambani siku ya pili!» Ninyi mama mkwe munaosema hivyo, ninawaheshimu, lakini semeni ukweli wote. Mulipozaa, mulikuwa kwenu. Kulikuwa na mama yenu wa kuwakanda na maji ya moto, shangazi wa kupika uji wa mtama, wifi wa kubeba mtoto usiku, shamba, mbuzi, jirani wa tangu utoto. Huyu wa leo amezalia kwenye saruji ya nyumba ya watu, hana hata mahali pa kuanika nepi. Mulikuwa na mikono kumi iliyowazunguka. Yeye iko wapi mikono yake? Msilinganishe.

Mama akisema hampendi mtoto wake, tunasema ni ulozi. Akisema anasikia sauti, tunampeleka kwenye chumba cha maombi, anafungwa siku 3 bila chakula ili mapepo yatoke, na maziwa yanakauka. Wachungaji wetu, mimi pia ninasali na ninajua nguvu ya sala. Mama akitoka damu munamwombea huku munatafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali. Fanyeni vile vile kwa huyu. Mwombeeni, mumpe chakula, mumpeleke kwa muganga. Kumfunga kamba na kumnyima chakula si maombi, ni mateso.

Ninyi wanaume, maneno yenu mengi ni matatu tu: «Nikupe nini tena?» Mke mgonjwa wa huzuni hakuombi kikwembe kipya. Anaomba ubebe mtoto saa 2 ili yeye alale. Anaomba usimpige kwa sababu chakula kimechelewa. Anaomba usimkaribie kabla mwili haujapona. Hayo hayagharimu hata faranga moja.

Ninasema haya na mimi pia nikiwa mama. Baada ya mtoto wangu wa pili nilikaa miezi 4 nikijificha. Nilikuwa ninatangaza habari za wengine kwa sauti nzuri, nikirudi nyumbani ninakaa chini kwenye jikoni nikilia ili watoto wasinione. Nilikuwa na mshahara, na mume, na nyumba ya mbao yenye kufuli. Siku zote za chanjo nilienda. Niliulizwa juu ya mtoto, nikajibu kwamba mtoto anaendelea vizuri. Ilikuwa kweli, mtoto alikuwa anaendelea vizuri. Jirani mmoja mzee ndiye aliyeniambia: «Mwanangu, wewe hauko sawa, nilete mtoto kwangu mchana, ulale.» Kama mimi niliyekuwa na hayo yote nilianguka, yule wa Masisi aliyezalia pembe ya chumba cha watu atasimama na nini?

Kuna majibu mawili ninayopewa kila mara nikigusa jambo hili.

La kwanza: «Hayo ni magonjwa ya Wazungu. Sisi tuna njaa. Leteni unga kwanza.» Njaa ni kweli, na ni moja ya mambo yanayoleta ugonjwa huu, pamoja na kukimbia, kubakwa, kufiwa, na deni la kujifungua. Tunajua wote kwamba kuna pahali ambapo mama asiyelipa anazuiliwa na mtoto wake mpaka jamaa wachange, ingawa mwaka 2023 serkali ilizindua mpango wa kujifungua bure kuanzia Kinshasa. Banki za Goma zilifungwa tangu vita vilipoingia mji Januari 2025. Hata mwenye akiba alishindwa kuigusa. Ndiyo, leteni unga. Lakini nani atapika huo uji? Nani atamlisha mtoto kijiko kwa kijiko, saa nzima, kwa uvumilivu? Ni mama. Utafiti uliofanyika Pakistan ulionyesha kwamba watoto wa wamama wenye huzuni nzito wanakonda na kuharisha zaidi kuliko wenzao. Yule mtoto asiyepanda kilo, tumemwandikia arudi na tarehe nyingine. Ugonjwa ulikuwa umembeba mgongoni, hatukuuona. Kumtibu mama ni sehemu ya chakula cha mtoto.

Jibu la pili: «Hatuna waganga wa akili.» Kweli tena. Hapa Goma kuna Tulizo Letu, kule Bukavu kuna Sosame, nyumba za Ndugu wa Upendo, na hazitoshi kwa Kivu mbili. Lakini wamama wengi wenye shida hii hawahitaji kitanda cha huko. Wanahitaji mtu aliyefundishwa, anayewasikiliza kwa mpango, juma kwa juma. Na hilo limekwisha kupimwa, hapa hapa kwetu. Mwaka 2013 jarida kubwa la uganga la Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa Kivu kwa wanawake waliobakwa. Waliowasaidia hawakuwa waganga wa akili. Walikuwa wanawake wa Kongo, wasindikizaji wenye miaka michache ya sekondari, waliofundishwa na kufuatiliwa. Miezi 6 baada ya matunzo, kati ya wale walioingia kwenye vikundi vya matunzo, 9 tu kwa 100 walibaki na alama za huzuni nzito ao woga. Kati ya wale waliopata usindikizaji wa kawaida, walikuwa 42 kwa 100.

Huko Pakistan, mwaka 2008, wahamasishaji wa afya wa vijijini, watu kama mareko wetu, walifundishwa kuongea na wamama wenye huzuni nzito tangu mwisho wa mimba. Mtoto alipofika miezi 6, wamama 23 kwa 100 ndio walibaki wagonjwa. Pahali ambapo wahamasishaji hawakufundishwa hivyo, walikuwa 53 kwa 100. OMS ilichukua njia hiyo ikaiandikia kitabu cha mafundisho, na mwaka 2022 ikatoa mwongozo wa kuingiza afya ya akili ya wamama ndani ya kazi za kila siku za vituo. Basi msituambie tena kwamba haiwezekani bila waganga wakubwa.

Na ninyi mashirika ya usaidizi, sikieni pia. Munakuja na mradi wa miezi 6, munafundisha wasindikizaji, munawapa fulana, mradi unaisha, wanarudi kuuza makala. Tangu Marekani ilipokata misaada mwaka 2025, wengi wao wamekwenda nyumbani. Tena kuna jambo linaloniumiza: mahali pengi, mlango wa kusikilizwa ni mmoja, nao ni wa aliyebakwa. Waliobakwa wanastahili kila matunzo, na kati yao kuna wenye mimba ambazo hawakuzitaka. Hao wawe wa kwanza. Lakini mama aliyefiwa na mume, mama aliyepoteza mtoto njiani, mama ambaye huzuni ilimshika tu bila kisa, anagonga mlango gani? Mwanamke asilazimishwe kutaja baya lililompata ili mtu amuulize kama analala.

Ninaomba mambo matano, na ninayaelekeza kwa viongozi wa afya wa pande zote, yeyote anayeshika mji leo, kwa sababu mama mzazi hana upande.

Moja: maswali 2 yaandikwe kwenye fishi ya mjamzito na kwenye fishi ya mtoto. Mwezi huu, umekuwa na huzuni ao kukata tamaa mara nyingi? Mwezi huu, umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Akijibu ndiyo, aulizwe la tatu kwa upole, pembeni, mbali na masikio ya watu: je, umewaza kujiumiza? Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Kunampa nafasi ya kulitua.

Mbili: kila kituo cha afya kiwe na muuguzi ao mkunga 1 aliyefundishwa, na mareko 2 wa kwenda nyumbani kwa mama. Wakimbizi wawe kati ya hao mareko, kwa sababu mkimbizi anajua mlango wa mkimbizi mwenzake.

Tatu: pawe pazia ao kachumba. Hakuna mama atakayesema «ninatamani mtu mwingine abebe mtoto wangu» mbele ya foleni.

Ine: mama asizuiliwe kwa sababu ya deni la kuzaa. Ni aibu yetu wote.

Tano: katiba yetu, kwenye kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Haikuandika afya ya mwili peke yake. Wabunge na wanasheria wetu watuambie ni wapi ilipoandikwa kwamba kichwa cha mama hakimo.

Mukisubiri hayo yote, kuna ya kufanya leo jioni. Kama kwako kuna mzazi, muulize kama analala, kisha nyamaza umsikilize. Usimwambie «jikaze». Usimwambie «wengine wana shida kuliko wewe». Mchukulie mtoto, ampumzishe mgongo. Kama huzuni inapita wiki 2, msindikize kwenye kituo cha afya, useme wewe mwenyewe kwa muuguzi, kwa sababu mgonjwa wa huzuni hana nguvu ya kujieleza. Kama anasikia sauti, kama anasema atajiumiza ao ataumiza mtoto, kama amepitisha siku bila usingizi na anasema ovyo, musimwache peke yake hata dakika, musimpige, musimfunge, mumpeleke hospitali siku ile ile.

Yule mama wa Masisi, sikumwacha kwenye benchi. Tulirudi pamoja kwa muuguzi, tukasubiri foleni iishe, nikamwomba amsikilize. Muuguzi alivua miwani, akakaa chini. Waliongea karibu nusu saa. Nilisikia mama akilia, na baadaye nikasikia akiitika. Alipotoka aliniambia: «Sikujua kwamba huu ni ugonjwa. Nilifikiri ni mimi.»

Hajapona. Kuna reko, naye alikimbia kutoka Masisi, anayempitia kila siku ya tatu, na mwenye nyumba amekubali kubeba mtoto mchana. Chanjo ya wiki ya 10 inakaribia. Mtoto atapimwa tena. Ninawauliza ninyi wote, muuguzi mkuu, muganga mkuu, mchungaji, mama mkwe, mume popote ulipo kwenye machimbo: siku ile mizani ikishasomwa, nani atamgeukia mama?